Maji Mekundu ya Sabaki: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kutunza Ardhi na Majirani

Kitalu chetu kiko kando ya barabara ya Malindi kwenda Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki. Wanaosimama kununua miche hawaulizi bei tu. Wanauliza juu ya ule mto, juu ya mikutano ya nchi za Afrika wanayoisikia redioni, juu ya hela za kaboni wanazolipwa wanaotunza miti inayofyonza hewa chafu, na juu ya mashamba wanayolima bila kujua kama ni yao. Majibu haya nimeyatoa kwa mdomo mpaka sauti imenikauka. Nimeona niyaandike.

Mbona bahari ya Malindi hugeuka nyekundu mvua zikianza?

Ni udongo. Si maji taka ya mahoteli, si mwani, wala si jambo la kupeleka kwa mganga, ingawa yote hayo nimeyasikia. Sabaki ni mkia wa mto mrefu wenye majina matatu: huko juu ni Athi, ukishapokea mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Baada ya Tana, hakuna mto mrefu kuliko huu Kenya. Unaokota maji upande wa Ngong na Nairobi, unapita Ukambani, unaikata mbuga ya Tsavo Mashariki, kisha kila ulichobeba unakimwaga hapa. Ndiyo maana kuna siku Malindi ni jua kali, hakujadondoka hata tone, na bahari ni nyekundu: mvua imenyesha bara.

Upepo nao una mkono wake. Kaskazi huusukuma udongo kusini, upande wa mjini na wa hifadhi ya bahari. Kusi huupeleka Mambrui.

Ukitaka kuona mwenyewe, chota maji ya mto kwenye chupa ya lita moja mwezi wa Novemba au Aprili, uiweke mezani, usiiguse. Huwa tunafanya hivyo na watoto wa shule. Mwanzoni ni kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Baada ya nusu saa chini panatanda mchanga mwembamba, unametameta kidogo kwa ulanga. Kesho yake asubuhi utakuta matabaka mawili: la chini zito, la kahawia, la juu jekundu, laini kama hina iliyokorogwa, na maji juu yake bado hayajatakata. Hilo jekundu ndilo la kusikitikia. Ni udongo wa juu wa shamba la mtu, ule wenye rutuba, pamoja na mbolea aliyoinunua kwa shida.

Si mto umekuwa hivi tangu zamani?

Tope lilikuwepo, lakini si kwa kiasi hiki, na shahidi ni tumbawe. Matumbawe huota tabaka juu ya tabaka, kama mti unavyoongeza miviringo ndani ya shina. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walipima madini ya bariamu, ambayo hufika baharini yakiwa yameshikana na udongo wa mto. Kwa muda mrefu kiasi kilikuwa kidogo. Kuanzia miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kikapanda, na hakijarudi kilikokuwa.

Miongo hiyo ndiyo Wakamba walipokuwa wamebanwa kwenye maeneo waliyotengewa na serikali ya kikoloni, watu na ng'ombe pamoja, huku ardhi nyingine nzuri ikipewa walowezi. Miteremko ikalimwa, malisho yakachoka, makorongo yakafunguka. Serikali ilipoona Machakos inaliwa na mmomonyoko, dawa yake ikawa kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Akakamatwa, akahamishiwa kwetu huku, Lamu. Kisa hiki nakitaja kila mara afisa anapokuja na amri ya kutunza udongo bila kukaa na mwenye shamba kwanza.

Mimi ni mvuvi. Udongo wa Ukambani unanihusu nini?

Matumbawe na nyasi za baharini ni viumbe vya jua. Tope likifunika, havipati mwanga, na samaki wanaozaliana humo wanapungua. Hifadhi yetu ya bahari ilitangazwa 1968, mwaka mmoja na ile ya Watamu, lakini mipaka yake imechorwa majini, na tope linatoka juu ya mto. Unaweza kumkamata mwenye nyavu haramu. Utalikamata vipi tope?

Halafu angalia ufuo wenyewe. Wazee wanaonyesha mahali mashua zilipokuwa zikielea, na leo pale watoto wanacheza mpira.

Ushirikiano wa kikanda ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni watu wanaotumia mto mmoja, malisho mamoja au msitu mmoja kukaa kitako na kukubaliana, hata kama kati yao kuna mpaka wa kaunti au wa nchi. Udongo haujui mpaka.

Watu hudhani Sabaki ni mto wa Kenya peke yake. Mto Tsavo, unaoingia humo, huchukua pia maji ya mteremko wa Kilimanjaro, na Kilimanjaro iko Tanzania. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukamwaga bahari Vanga, Kenya. Mto Mara unakwenda kinyume chake: chanzo Kenya, mdomo Tanzania. Mkulima wa Lushoto akikata msitu, mvuvi wa Vanga atajua. Hapo ndipo pa kuzungumza.

Hiyo mipango ya Afrika tunayoisikia ni ipi hasa?

Ni mingi, na majina yake yanachosha. Nitataja ile inayotugusa.

Mama wa yote ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupambana na Kuenea kwa Jangwa, uliopitishwa Paris tarehe 17 Juni 1994. Ndiyo sababu tarehe hiyo kila mwaka tunapanda miti na kupigwa picha na viongozi. Afrika ina kiambatisho chake ndani ya mkataba huo, cha kwanza kabisa, kinachozitaka nchi zishirikiane kwenye maeneo wanayogawana. Usidhani jangwa hapa ni la mchanga na ngamia. Maana yake ni ardhi kavu inayopoteza nguvu ya kuzaa, na sehemu kubwa ya bara ya Kilifi na ya Lamu imo.

Mwaka 2003 viongozi wa Afrika walikutana Maputo na kuahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Utunzaji wa ardhi na maji ulikuwa nguzo ya kwanza ya mpango wa kilimo uliopitishwa hapo. Ahadi nzuri, nchi nyingi hazikuitimiza. Oktoba 2005 ukaanzishwa TerrAfrica, ubia wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara chini ya NEPAD, mpango wa maendeleo wa Umoja wa Afrika, pamoja na Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Wazo lake lilikuwa rahisi na la maana: badala ya kila mfadhili kuja na mradi wake mdogo, wilaya moja ikawa na miradi minne isiyosalimiana, nchi iwe na mpango mmoja wa uwekezaji katika ardhi, na wafadhili waingie ndani yake. Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukatenga dola milioni 150 kwa kazi hiyo mwaka 2007. Kwa maoni yangu hilo la kuwaketisha wafadhili meza moja lilikuwa na thamani kuliko hela zenyewe.

Mwaka huohuo wa 2007 Umoja wa Afrika ulizindua Ukuta Mkubwa wa Kijani, kutoka Senegal hadi Djibouti, kama kilomita 8,000. Mwanzo ulifikiriwa kama mstari wa miti. Baadaye ilionekana kwamba mstari wa miti usio na mwenyewe hukauka, na sasa unazungumziwa kama mkusanyiko wa mashamba, malisho na misitu iliyofufuliwa. Lengo ni hekta milioni 100 kufikia 2030. Ripoti ya 2020 ilionyesha kama milioni 4 ndani ya eneo lenyewe la ukuta. Hesabu hiyo usifichwe.

Desemba 2015, kwenye mkutano wa tabianchi Paris, ulizinduliwa mpango wa AFR100: hekta nyingine milioni 100 za kurejeshwa Afrika nzima kufikia 2030. Kenya iliahidi hekta milioni 5.1.

Kwa sisi wa mwambao kuna Mkataba wa Nairobi wa 1985, unaounganisha nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa. Mwaka 2010 uliongezewa itifaki juu ya uchafuzi wa bahari unaotoka nchi kavu. Mtu akikuuliza sheria gani inazungumzia maji mekundu ya Sabaki, mwonyeshe hiyo.

Kuna mfano wowote wa ushirikiano uliofanya kazi mpaka mtu wa kawaida akauona?

Nzige. Walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 kutoka upande wa Somalia na Ethiopia, hakuna aliyesema kila nchi ipambane na wake. Afrika Mashariki ina shirika la pamoja la kudhibiti nzige wa jangwani tangu 1962, lenye makao Addis Ababa, na kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kule Ngong kilikuwa kikitoa ramani za makundi yalikoelekea. Ndege zilichelewa, dawa zilichelewa, ni kweli. Lakini nchi moja peke yake ingefanya nini na mdudu anayevuka mipaka kwa siku moja?

Mmomonyoko ni nzige wa polepole. Kwa kuwa ni wa polepole, hauitishiwi kikao cha dharura.

Na shambani? Mikutano imewahi kuzaa kitu?

Hapa nina imani kuliko kwenye mikutano. Kizuri kilichovuka mipaka ya Afrika mara nyingi hakikuvukishwa na karatasi, kilivukishwa na wakulima waliopelekwa kuona.

Burkina Faso, jimbo la Yatenga, kuna mtindo wa zai. Wakati wa kiangazi mkulima anachimba vishimo vya upana wa sahani kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, anatia samadi kiganja au viwili. Mchwa wanavutwa na samadi, wanatoboa njia chini, na mvua ya kwanza inaingia badala ya kuteleza. Yacouba Sawadogo, mkulima asiye na shahada, aliuboresha mtindo huu kuanzia miaka ya 1980 mpaka akaotesha msitu mahali palipokuwa pamekufa. Alituzwa tuzo ya Right Livelihood 2018, akafariki 2023. Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, nchi jirani ya Niger, walipelekwa Yatenga kutazama. Waliporudi kwao walijaribu, na Niger mtindo ukaenea kwa jina la tassa. Safari moja ya wakulima, hakuna zaidi.

Niger hiyohiyo wakulima waliacha kung'oa visiki wakati wa kulima. Wanachagua machipukizi matatu manne, wanapunguza mengine, mti unarudi wenyewe kwa sababu mizizi ilikuwa hai muda wote. Takriban hekta milioni 5 zimepata miti namna hiyo. Dodoma, Tanzania, wameupa jina tamu kuliko yote: kisiki hai. Ukija na hela yako kununua miche na shamba lako limejaa visiki vinavyochipua, nitakurudisha nyumbani na hela zako.

Shinyanga nako Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanzia 1986, haukuleta elimu mpya, uliwarudishia watu desturi yao. Mwanzo zilikuwepo kama hekta 600. Zikafika zaidi ya 300,000.

Fanya juu ni nini, na inachimbwaje?

Ni mchango wetu kwa dunia, na jina lake ni la Kiswahili mpaka Ethiopia. Ulistawi Machakos: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Maji yakishuka na udongo yanazuiwa na tuta, udongo unatua, na miaka ikipita shamba linajitengeneza ngazi lenyewe. Ukitupa udongo chini, hiyo ni fanya chini, kazi nyepesi lakini ngazi hazijijengi upesi.

Siri yote iko kwenye kupima. Chukua fito mbili zilizo sawa, za mita mbili hivi, zifunge kileleni. Ya tatu ifunge katikati kulala, ipatikane herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha, tia alama uzi unapogusa fito ya kulala. Geuza miguu, mmoja uende alipokuwa mwenziwe, tia alama tena. Katikati ya alama mbili ndipo usawa ulipo. Sasa tembea nayo kukata mteremko, mguu mmoja ukae, mwingine utafute mahali uzi unapotulia kwenye alama ya kati, hapo piga kigingi. Utashangaa: mstari hautanyooka. Utajipinda kama nyoka, na lazima uufuate unavyojipinda.

Sisi mwaka wa kwanza hatukuufuata. Tulikuwa vijana sita, jua kali, tukakadiria kwa macho na kunyoosha ili kupendeze. Mtaro ukawa na bonde mahali pamoja, si zaidi ya shibiri mbili. Mvua ya mwezi wa Mei ikaja usiku. Maji ya mtaro mzima yakakimbilia pale bondeni, tuta likapasuka, na alfajiri tulikuta korongo linalofika magotini limepita katikati ya mahindi ya jirani. Tulimlipa kwa kazi ya siku tatu. Tangu hapo fito zile za A zinaning'inia mlangoni pa kitalu, na hakuna anayeshika jembe kabla ya kuzishusha.

Vipimo: sentimita 60 upana, 60 kina, kwa udongo mzito wa bara. Kwenye mchanga wetu wa pwani kuta huporomoka. Punguza kina, ongeza upana. Kati ya mtaro na tuta acha shibiri moja ya ardhi isiyoguswa, udongo usije ukarudi shimoni. Juu ya tuta panda nyasi wiki hiyohiyo, usingoje.

Mathenge nao si ulikuwa mradi wa kuzuia jangwa?

Ndiyo, na ndiyo sababu siamini kila mche unaoshushwa na gari jeupe. Mti huu asili yake ni Amerika. Kenya uliletwa miaka ya 1970, kwanza huku pwani karibu na Mombasa kufufua machimbo ya mawe, na baadaye ukapandwa Baringo na Bura, Tana River, ili kupata kuni na kuzuia udongo. Udongo uliuzuia kweli. Kisha ukameza malisho, ukaziba njia za maji, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaoza meno. Wafugaji wa Baringo walifika mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi.

Kosa halikuwa kubadilishana mbegu. Zai na fanya juu ni vishimo, vikikukataa unavifukia. Mti uliokuja bila adui wake huufukii.

Mkulima wa Makueni atanufaika nini kwa kulinda bahari ya Malindi?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndipo mipango mingi inapokwama. Sisi wa chini ya mto ndio tunaoumia, wa juu ndio wanaotakiwa kutoa jasho. Ukimwambia mtu atoke alfajiri achimbe mtaro kwa ajili ya matumbawe ambayo hajawahi kuyaona, atakuitikia kwa heshima na kurudi kulala.

Kuna majibu mawili. La kwanza, udongo ni wake kabla ya kuwa tope letu. Shamba lenye ngazi hushika maji, na Ukambani maji ndiyo tofauti ya kuvuna na kutovuna. Ndiyo maana matuta ya Machakos, yaliyochukiwa yalipokuwa ya amri ya mkoloni, watu waliyachimba wenyewe kwa wingi baada ya uhuru walipoona faida mfukoni.

La pili ni kulipana. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Wanaotegemea maji na umeme wa Tana, kampuni na taasisi za mjini, wanachangia, na wakulima wa miteremko ya Aberdare na vyanzo vingine vya Tana wanapata miche, nyasi na ushauri wa kuzuia mmomonyoko. Waliofanya hesabu waliona kusafisha tope mitamboni ni ghali kuliko kulizuia shambani. Je, Sabaki haiwezi kuwa na mfuko wake? Mahoteli, kampuni ya maji, wavuvi, kaunti za juu na za chini. Nimeuliza hivyo kwenye vikao vitatu. Kila mara limeandikwa kwenye kumbukumbu.

Bwawa la Thwake, kule Ukambani juu ya mto wetu, si litazuia tope?

Litashika sehemu, kwa muda. Masinga, kwenye Tana, lililoanza kazi 1981, lilijaa tope kwa kasi kuliko wahandisi walivyotarajia. Bwawa chini ya miteremko iliyo uchi ni beseni la kuchotea udongo.

Mimi ni skwota. Nipande mwembe kwenye shamba ambalo mwenyewe yuko Mombasa au ng'ambo?

Sitakudanganya. Mwembe ni wa miaka, na notisi ya kuondoka ni ya siku. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 mwambao huu umekuwa na wenye karatasi na wenye jembe, na si watu wamoja. Waliokuwa na hati au uwezo wa kudai waliandikishiwa. Wamijikenda wengi wakajikuta wageni katika mashamba ya babu zao. Ukitaka kujua kwa nini upande wa bara wa Malindi mtu anachoma makaa badala ya kupanda, anzia hapo. Makaa yanauzwa wiki hii.

Hata wakubwa wameanza kuliona. Umoja wa Afrika ulitoa tamko juu ya masuala ya ardhi mwaka 2009, na mwaka 2019, New Delhi, nchi za mkataba wa kupambana na jangwa zilikubali kwa mara ya kwanza kwamba haki ya kumiliki ardhi ni sehemu ya kazi hiyo. Kenya tuna Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii inaweza kuandikishwa kama mmiliki, ikawa na kamati na kanuni za matumizi ya ardhi yake. Kama ardhi yenu inaangukia hapo, anzeni kwa kuorodhesha wanajamii na kuitisha mkutano, kabla mtu mwingine hajaja na ramani.

Kwa sasa, kwenye ardhi usiyo na uhakika nayo: kisiki hai, samadi, kunde za kufunika udongo, na matuta ya nyasi. Vyote vinalipa ndani ya msimu mmoja au miwili.

Wafugaji wakishuka na ng'ombe kiangazi, si wanaharibu yote haya?

Wakikuta njia za kufikia maji zimezibwa na mashamba, ndiyo, watapita shambani. Delta ya Tana ina malka, njia za kunyweshea mifugo, ambazo Waorma na Wapokomo wamekubaliana juu yake tangu enzi za mababu. Zilipolimwa, ugomvi ukazaliwa, na mwaka 2012 tuliona ulivyomwaga damu. Kuhama na mifugo ni akili ya nchi kavu: malisho yanapumzika. Nchi za IGAD ziliidhinisha itifaki ya uhamaji wa mifugo 2020 kwa sababu hiyo. Lakini malka inafunguliwa na wazee wa vijiji viwili kwanza, waziri atafuata.

Nimeambiwa nitalipwa hela za kaboni. Nisaini?

Usisaini siku hiyohiyo. Zinalipwa kweli: Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013, na hela zimeingia kwenye maji na shule. Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wanaofika na mikataba ni wengi. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka mradi wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na pawe na mkataba wa maendeleo na jamii ulioandikishwa. Uliza miaka mingapi, nani anapima, na kama bado utaruhusiwa kukata boriti au kuchunga. Kisha mpelekee mwanasheria asiyelipwa na wao.

Miche ni bei gani?

Mvinje na mkilifi ni rahisi, mbambakofi ni ghali kidogo kwa sababu mbegu zake tunazitafuta mbali. Mkau wa Ukambani tunao pia, kwa walio na shamba la bara. Ukija na gunia la samadi iliyooza, tunabadilishana bila hela. Nyasi za kupanda juu ya tuta ni bure, mradi uwe umeshapima. Fito za A ziko mlangoni, azima, ila zirudi kabla ya Ijumaa maana kuna watu wa Marereni wanazingoja.